Nusu ya Kwanza

Jumatano tamthilia huanza saa mbili na nusu,
nami huondoka saa tatu kasoro dakika tano.
Godauni la Chang'ombe halimsubiri mtu.
Basi mwezi wa tatu sasa
namjua aliyekufa, simjui aliyeua.

Ukumbini kwa Mama Sikudhani, Keko Magurumbasi,
wapangaji wote tumo, ndoo zimegeuzwa viti.
Mhasibu Mtenga ameanguka kifudifudi juu ya daftari lake,
chai yake bado inafuka,
na Pazi fundi cherehani keshanyanyua kidole:
"Kifungo cha tatu! Kimeshonwa kwa uzi mwingine.
Mtafuteni mwanamke."

"Mwanamke, mwanamke," Zawena anasonya,
"kila maiti kwenu lazima ana mwanamke.
Ni shemeji huyo. Mtazame anavyolia,
machozi tele, kamasi hata tone.
Mimi niliachwa na mtu analia hivyohivyo."

Komba, aliyekuwa karani wa mahakama,
anataka ushahidi.
Huyu hata chumvi ikizidi mchuzini anataka ushahidi.

Mimi hukaa karibu na mlango,
tochi mapajani, buti nimeshafunga kamba.
Inspekta anashika droo, anaivuta taratibu,
saa tatu kasoro tano.
Naenda.

Nusu ya pili naipata asubuhi, vipandevipande.
Bombani, Zawena keshamfunga shemeji.
Kwenye vitumbua, Pazi kamwachia.
Komba ameahirisha kesi.
Droo ilikuwa na bastola.
Droo ilikuwa na picha ya harusi.
Droo haikuwa na kitu, na hapo ndipo penye kazi.

Nimewasikiliza hadi nikang'amua:
kila mmoja anamkamata aliyemkosea yeye.
Zawena anamsaka yule wa machozi makavu.
Pazi, mteja aliyeondoka na suti, "nakuja sasa hivi."
Komba sijui anamsaka nani.
Tangu waliposema mafaili yamepotea mkononi mwake
hazungumzii mahakama, anazungumzia ushahidi tu.

Usiku, getini, nawaita wote mmojammoja.
Paka akipita juu ya bati namhoji: ulikuwa wapi?
Nina wauaji watano na maiti mmoja,
hesabu ambayo marehemu mwenyewe
angeirudisha kwa kalamu nyekundu.

Lakini kuna kitu nilikiona mimi,
sehemu ya pili, kabla sijaondoka.
Mlinzi wa jengo lile anakalia kiti chenye mto.
Kipya. Nailoni haijatolewa.
Nani anamnunulia mlinzi kiti chenye mto?

Sikusema.
Wangeniuliza ulijuaje, nami ningejibu nini?
Na mtu wa koti moja hamchomi mwenzake.

Jumatano iliyopita ilikuwa ya mwisho.
Asubuhi narudi, bombani kimya.
Zawena anasuuza ndoo iliyokwisha takata.
Pazi ananipigia pasi kola, bure, sijamwomba.
Mama Sikudhani ananimiminia chai, sukari vijiko vinne,
macho yake yako kwenye birika.

"Ni mlinzi," nikasema.

Komba akakohoa. "Hakuua. Alifungua geti tu."

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

Saa nane. Naijua saa hiyo kama najua meno yangu.
Mbwa wa Chang'ombe wanakuwa wamenyamaza,
baridi inapanda kutoka kwenye saruji,
na mtu akija na maneno mazuri na chupa ya chai
unamwona kama ndugu.

"Na kile kiti," nikauliza, "walisema nani alimpa?"

Wakatazamana. Kiti gani?
Miezi mitatu, macho saba, runinga ya inchi thelathini na mbili,
hakuna aliyekiona kiti.

Jioni nikaingia zamu.
Kiti changu cha plastiki kilikuwa palepale,
mguu mmoja umefungwa waya,
mgongo una ufa unaobana shati.
Nikakipangusa kwa kiganja.
Nikakaa.
Sijawahi kukishukuru kiti kama usiku ule.